Kujipima HPV nyumbani: maswali wanayouliza wanawake wahamiaji

Nimekuwa mkalimani wa wagonjwa kwa miaka kadhaa. Maswali haya nimeyasikia kwa akina mama na akina dada waliohamia ugenini, na wengi wao walikuwa na kisanduku cha kipimo ndani ambacho hawajakifungua. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yanayoulizwa kwa sauti ya chini. Ukiwa na haraka, soma swali lako tu. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimekuelekeza.

## Mambo ya msingi

Hiki ni kipimo cha saratani?

Hapana, ni kipimo cha virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi (wengine huiita mlango wa kizazi). Unaingiza kijiti laini ukeni mwenyewe, unakirudisha kwenye kichupa chake na kukituma maabara. Huko wanatafuta DNA ya virusi.

Kwa hiyo jibu ni ama virusi vimeonekana, ama havikuonekana. Kijiti hicho hakiwezi kukuambia "una saratani". Natamani sentensi hii ingeandikwa juu ya kila kisanduku, maana wengi hawakifungui kwa kuogopa jibu ambalo kipimo chenyewe hakina uwezo wa kulitoa.

HPV ni nini, na nimeipata wapi?

Ni ukoo wa virusi vya aina zaidi ya 200. Vingi havina neno, baadhi huleta masundosundo, na aina zipatazo 14 ndizo zinazohusishwa na saratani. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinasababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi duniani. Ni Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliotambua aina ya 16 mwaka 1983, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Watu wengi waliowahi kufanya ngono hupata HPV wakati fulani maishani bila kujua, na kwa kawaida mwili huifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Tatizo ni ile inayong'ang'ania. Hiyo huanza kubadilisha seli polepole, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kinga ikiwa dhaifu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Faida ya kupima inatokana na urefu wa safari hiyo: kuna muda wa kutosha kuikatiza njiani.

Kina tofauti gani na kipimo cha Pap, au kile cha kupaka siki?

Kwenye kipimo cha Pap, seli hukwanguliwa kwenye shingo ya kizazi yenyewe na kutazamwa kwa hadubini. Kwenye kipimo cha siki, mhudumu hupaka asidi hafifu na kuangalia sehemu zinazogeuka nyeupe. Vyote viwili vinamtaka mwanamke apande kitandani, apanue miguu, aingizwe spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke. Vyote viwili pia vinatafuta madhara yaliyokwisha kutokea.

Kipimo cha HPV kinatafuta chanzo. Na kwa sababu virusi hupatikana pia kwenye seli zilizo ukeni, si lazima kufika kwenye shingo ya kizazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha DNA ya HPV kiwe chaguo la kwanza, na likakubali sampuli aliyoichukua mwanamke mwenyewe.

Mbona wahamiaji tunatajwa sana? Sisi ndio tunaoleta ugonjwa?

Swali hili huulizwa kwa hasira kidogo, na hasira hiyo naielewa. Hakuna anayeleta ugonjwa. HPV ipo kila nchi. Kinachotofautiana ni nani amepimwa. Mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya wapatao 660,000 na vifo karibu 350,000, na takriban asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako uchunguzi wa kawaida haujawafikia wengi. Mwanamke anayehama kutoka huko mara nyingi anafika akiwa na miaka 35 au 50 na hajapimwa hata mara moja.

Halafu anakuta vizuizi vipya. Barua ya mwaliko imeandikwa kwa lugha asiyoisoma, ikatupwa pamoja na matangazo ya pizza. Miadi inapatikana saa za kazi tu. Daktari ni mwanamume. Hajui kama atatozwa. Na wengi wetu tumelelewa kujua kwamba hospitali huendwa mtu akiumwa. Kwenda ukiwa mzima, tena kuvua nguo, kunaonekana kama kutafuta balaa.

Kisanduku cha nyumbani kinaondoa baadhi ya vizuizi hivyo. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti waliwagawa wanawake wahamiaji kutoka Somalia makundi mawili: kundi moja walipewa kipimo cha HPV cha kujichukulia nyumbani, jingine wakaelekezwa kliniki kufanya Pap. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliopewa cha nyumbani, karibu wawili kati ya watatu walikikamilisha. Walioelekezwa kliniki, ni kama mmoja kati ya watano. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini tofauti ya namna hiyo si ya kubahatisha.

Nisichokubaliana nacho ni wanaokizungumzia kisanduku kana kwamba kinamaliza kazi. Kinaondoa spekulamu mwanzoni tu. Virusi vikionekana, utahitaji kliniki, mhudumu na lugha, vile vile ulivyokuwa ukivikwepa. Ndiyo maana nasisitiza swali moja uliulize kabla hujafungua kichupa: vikionekana, nitakwenda wapi, na nani atalipa? Tazama sehemu ya gharama na ile ya majibu.

Sina dalili yoyote. Nipime ya nini?

Kwa sababu huna dalili. Mabadiliko ya awali hayaumi, hayatoi damu, hayana harufu. Ukiwa na dalili tayari, kipimo hiki si chako. Soma swali la kutokwa damu huko chini.

Naanza umri gani, na kila baada ya muda gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza miaka 30, na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10 ukitumia kipimo cha HPV. Nchi nyingi tajiri huanza miaka 25 au 30 na kurudia kila miaka 5. Fuata ratiba ya nchi uliyopo. Wanaoishi na VVU wana ratiba yao, na wana swali lao hapa.

## Kujichukulia sampuli

Nafanyaje, hatua kwa hatua?

Visanduku vinatofautiana, kwa hiyo karatasi iliyomo ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa kawaida mambo huwa hivi.

Chagua wakati ambao hakuna atakayegonga mlango wa bafuni. Nawa mikono, ukaushe. Andika kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya leo kwenye kichupa au fomu. Usiseme utaandika baadaye: sampuli nyingi nzuri hutupwa kwa sababu hazina tarehe. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi yako ya matibabu, hata kama walilikosea herufi siku ulipofika.

Fungua kijiti ukikishika kwenye mpini, pamba au brashi isiguse meza wala vidole. Simama na mguu mmoja juu ya ukingo wa bafu, au chuchumaa, au lala ukikunja magoti, vyovyote unavyoingizaga tamponi ikiwa unazitumia. Kwa mkono mmoja tenganisha mikunjo ya uke, kwa mwingine ingiza kijiti taratibu, kikielekea mgongoni badala ya juu moja kwa moja. Vingi vina mstari au pete inayoonyesha mwisho, kama sentimita 5, sawa na pingili mbili za kidole. Kikikwama, vuta pumzi, legeza taya, badilisha pembe. Usilazimishe.

Kisha kizungushe polepole kwa sekunde 10 hadi 30, kikigusa kuta za uke. Kitoe, kirudishe kwenye kichupa, funga mpaka kikaze, tia kwenye mfuko na bahasha. Ipeleke posta siku hiyo au kesho yake. Wala usiiache ndani ya gari lenye jua.

Dakika tano. Muda mrefu zaidi huwa ni ule wa kusoma karatasi.

Nitajuaje kama nimefika penyewe? Shingo ya kizazi iko wapi?

Hupaswi kufika. Shingo ya kizazi iko mwisho wa uke, ngumu kidogo kama ncha ya pua ukiigusa kwa kidole, lakini kijiti hakihitaji kuigusa. Kikiwa ndani ya uke na kimezunguka, kazi imekwisha.

Kitaumiza? Hakiwezi kupotelea tumboni?

Wengi husikia kama kutekenywa au kusuguliwa kidogo. Waliokoma hedhi, uke ukiwa mkavu, wanaweza kusikia muwasho. Tone la damu baadaye halitishi, ila damu inayoendelea piga simu.

Kupotea hakiwezekani. Uke una mwisho, na tundu la shingo ya kizazi ni dogo mno kwa kijiti kupita. Swali hili nimelisikia hata kwa mwanamke aliyezaa watoto sita, na halina aibu yoyote: wengi wetu hatukuwahi kuonyeshwa mchoro wa miili yetu.

Kweli sampuli yangu mimi inalingana na ya daktari?

Kwa HPV, ndiyo, mradi maabara inatumia teknolojia inayozidisha DNA, iitwayo PCR. Mwaka 2018 uchambuzi uliokusanya tafiti zaidi ya 50, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ, uligundua kwamba kwa vipimo vya PCR sampuli ya kujichukulia hukamata mabadiliko hatari karibu sawa na ile ya mhudumu. Kwa teknolojia nyingine za zamani, ilikuwa nyuma. Uchambuzi huo huo ulionyesha pia kwamba kumtumia kisanduku mwanamke asiyehudhuria uchunguzi huleta wengi zaidi kuliko kumwandikia barua nyingine ya mwaliko.

Ina upungufu mmoja: sampuli ya ukeni haifai kutazamwa seli kama ya Pap. HPV ikionekana, huenda ukaitwa kliniki seli zichukuliwe upya. Aliyepimwa na daktari tangu mwanzo anaweza kuepuka safari hiyo ya pili.

Niko kwenye siku zangu. Au nimetumia dawa ya kuingiza ukeni.

Subiri hedhi iishe. Dawa za ukeni, krimu na vilainishi vinaweza kuvuruga sampuli, kwa hiyo acha siku mbili hivi au kadiri karatasi inavyosema. Kusafisha ndani ya uke kwa sabuni au maji "ili sampuli iwe safi" usifanye kabisa. Zile seli unazoziosha ndizo zinazotafutwa.

Kijiti kimeanguka chini.

Kikianguka kabla ya kutumika, au kikigusa choo, omba kingine. Hakuna atakayekugombeza.

## Gharama, lugha na siri

Nchi gani zinatoa kipimo hiki?

Uholanzi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukiingiza katika mpango wa taifa, mwaka 2017. Australia ilimruhusu kila mwanamke anayestahili uchunguzi achague kujichukulia sampuli kuanzia Julai 1, 2022. Hapo kazi hufanyika zaidi kliniki, nyuma ya pazia, lakini mkono ni wako. New Zealand ilifuata Septemba 2023. Nchini Kanada, jimbo la British Columbia lilianza kutuma visanduku nyumbani Januari 2024. Uingereza, serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba wanawake wa England ambao hawahudhurii uchunguzi watapelekewa visanduku kuanzia 2026.

Marekani ilikwenda kwa hatua mbili. Mei 2024 mamlaka ya dawa, FDA, iliruhusu kujichukulia sampuli ndani ya kituo cha afya. Mei 2025 ikaidhinisha kifaa cha kwanza cha kutumia nyumbani, kwa wanawake wa miaka 25 hadi 65.

Nitalipa?

Panapokuwa na mpango wa taifa, kisanduku mara nyingi ni bure. Marekani inategemea bima yako. Asiye na bima aulizie mpango wa serikali wa uchunguzi wa mapema wa saratani ya matiti na shingo ya kizazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990 kwa ajili ya wanawake wa kipato kidogo, au kituo cha afya cha jamii kinachotoza kwa kuangalia kipato.

Usiulize bei ya kisanduku peke yake. Uliza hivi: "Jibu likihitaji uchunguzi zaidi, huo nao unalipiwa na nani?" Kuna mahali ambapo kipimo ni bure lakini huduma ya hospitali inayofuata hutozwa mtu asiye na ukaazi. England, kwa mfano, kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji karatasi za uhamiaji wala uthibitisho wa anwani, lakini hospitali ina kanuni zake za malipo. Ni afadhali ujue mapema kuliko kukimbia bili katikati ya matibabu.

Sina kibali cha kuishi. Sampuli yangu itafika kwa watu wa uhamiaji?

Maabara inataka jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya kupelekea majibu. Haiulizi viza. DNA inayotafutwa ni ya virusi. Si kipimo cha ukoo, wala cha kuthibitisha baba wa mtoto.

Ila nisikudanganye kwamba taarifa zote za afya ni salama kila mahali. Marekani, mwaka 2025, taarifa za watu waliojiandikisha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilipelekwa kwa wizara inayosimamia uhamiaji, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga. Kupima ni jambo moja, kujiandikisha kwenye bima ya serikali ni jingine. Kwa hilo la pili, ongea kwanza na shirika la msaada wa kisheria kwa wahamiaji. Vituo vingi vya afya vya jamii vinapima bila kukutaka ujiandikishe popote.

Maelekezo siyaelewi. Mwanangu anasoma shule hapa, anitafsirie?

Karatasi ya picha mwachie akusaidie, haina neno. Lakini simu ya majibu, hapana.

Niliwahi kuingia chumba cha hospitali moja nikiwa nimechelewa, nikakuta binti wa miaka kumi na moja akitafsiri kwa niaba ya mama yake. Daktari akauliza kama mama hutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Binti alinyamaza, akatazama viatu vyake, kisha akamwambia mama: "Anauliza kama tumbo linauma." Mama akajibu hapana. Daktari akaandika hapana.

Una haki ya kuomba mkalimani. Marekani, kituo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kukupatia bila malipo, hata kwa simu. Jifunze kusema jina la lugha yako kwa lugha ya huko, na useme unataka mkalimani mwanamke. Ukipewa wa jamii yenu na unaogopa maneno kuzagaa, omba wa kwenye simu kutoka mji mwingine.

Mume wangu ataambiwa?

Hapana. Majibu ni yako. Hatari huwa kwenye bahasha inayofika nyumbani, au ujumbe unaoingia kwenye simu mnayotumia pamoja. Waambie mapema wakupigie namba gani, au kisanduku ukichukulie kliniki.

Naviona vinauzwa mtandaoni. Ninunue?

Ningekuwa mimi, ningetafuta kwanza cha mpango wa taifa au cha kliniki. Cha mtandaoni kinaweza kuwa kizuri, lakini vingine havijaidhinishwa, na vingi vinakuletea jibu kwa barua pepe halafu basi. Kama muuzaji hasemi ni kipimo gani kinatumika maabara, na nani atakupa rufaa virusi vikionekana, pesa zako zishike.

## Majibu

Virusi havijaonekana. Ndiyo nimemaliza?

Umemaliza kwa sasa. Uwezekano wa kupata saratani hii katika miaka michache ijayo ni mdogo sana. Utarudia kwa ratiba ya nchi yako, na miongozo mingine humtaka aliyejichukulia sampuli arudie mapema kidogo kuliko aliyepimwa na mhudumu. Ukipata dalili katikati, usingoje zamu yako.

Virusi vimeonekana. Nina saratani?

Karibu kila mara, hapana. Maana yake kuna virusi vinavyohitaji kufuatiliwa, na wengi wanaopata jibu hili hawatapata saratani kamwe. Lakini jibu hili likiachwa kwenye droo halina faida yoyote. Wapo waliojipima, wakaogopa, wakanyamaza. Hao wamebaki palepale walipokuwa kabla ya kupima, tena na hofu juu.

Kinachofuata hutegemea aina. Ikiwa ni ya 16 au 18, nchi nyingi humpeleka mwanamke moja kwa moja kwenye kolposkopi. Ikiwa ni aina nyingine, mara nyingi huitwa kwanza kuchukuliwa seli na mhudumu, au kupima tena baada ya mwaka.

Kolposkopi ni kutazamwa shingo ya kizazi kwa kifaa cha kukuza, kinachobaki nje ya mwili. Ndiyo, hapa spekulamu inarudi. Wanapaka siki hafifu, wanaangalia, na wakiona doa huchukua kinyama kidogo kama punje ya mchele. Unaweza kuomba mhudumu mwanamke, kuingiza spekulamu mwenyewe, kuomba saizi ndogo, na kusema "acha" wakati wowote. Yakiwepo mabadiliko ya hatari, hutibiwa kwa kuunguzwa kwa joto, kugandishwa, au kukata kipande chembamba kwa waya wenye umeme. Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Basi mume wangu ametoka nje ya ndoa?

Jibu hili haliwezi kukuambia hilo. HPV inaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi kabla ya kuonekana, na huenda wewe au yeye mliipata kabla hamjajuana. Nimeona nyumba zikitikisika kwa karatasi ambayo haikuwa na ushahidi wowote wa usaliti. Hakuna kipimo kinachosema virusi vilikuja lini wala vimetoka kwa nani.

Wameniandikia sampuli haikusomeka.

Rudia. Pengine seli zilikuwa chache, au bahasha ilichelewa njiani. Ikishindikana mara ya pili, omba mhudumu achukue.

Matibabu yatanizuia kuzaa?

Kuunguza na kugandisha mara nyingi hakugusi uwezo wa kushika mimba. Kukata kipande, hasa kikiwa kikubwa au kikirudiwa, kunaweza kuongeza kidogo hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo mweleze daktari kama bado unataka watoto. Saratani yenyewe, ikiachwa, ndiyo inayotoa kizazi.

## Hali za pekee

Sijaolewa, na sijawahi kulala na mwanamume. Kitanitoa bikira?

Kama hujawahi kujamiiana kwa namna yoyote, hatari yako ni ndogo mno na unaweza kumwambia daktari kwamba utasubiri. Kumbuka tu kwamba kugusana sehemu za siri bila kuingiliana nako kunaweza kuambukiza. Ukiamua kupima, kijiti ni chembamba kuliko kidole, na kizinda hakikuziba uke: kina uwazi, huo huo unaopitisha hedhi.

Nilikeketwa. Naweza kujipima?

Wengi wanaweza. Inategemea kilichofanyika. Kama uwazi haukushonwa, hatua ni zile zile. Kama ulishonwa na uwazi ni mdogo, kijiti chembamba kinaweza kupita, na kwa hali hii kujipima huwa ni afadhali sana kuliko spekulamu. Kikigoma au kikiuma, simama hapo hapo. Tafuta kliniki yenye wahudumu waliofunzwa kuhusu ukeketaji, na uwaambie kwenye simu ya kuomba miadi ili mtu asije akashtuka usoni mwako. Mshtuko huo umewafukuza wanawake wengi wasirudi tena.

Nilibakwa njiani. Siwezi kuguswa.

Pole sana. Kipimo hiki kinafanyika bila mtu yeyote kukugusa, ukiwa umefunga mlango, na unaweza kuishia katikati ukajaribu mwezi mwingine. Huwajibiki kumweleza yeyote kwa nini umechagua hivi. Ukiitwa kwa uchunguzi zaidi, sentensi "nina historia ya kuumizwa" inatosha kuomba muda mrefu na mtu wa kukaa nawe.

Ninaishi na VVU.

Pima, tena mapema. Hatari yako ya saratani hii ni takriban mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza miaka 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5. Muulize daktari wako wa ARV kama mpango wa nchi yako unakubali sampuli ya kujichukulia kwa walio na VVU, kwa sababu si yote inayokubali.

Ni mjamzito.

Nchi zinatofautiana. Baadhi zinaruhusu, nyingine zinasema subiri hadi baada ya kujifungua. Usitumie kisanduku kabla ya kumuuliza mkunga wako.

Nilitolewa kizazi.

Kama shingo yake nayo iliondolewa, na sababu haikuwa saratani au mabadiliko ya hatari, kwa kawaida huhitaji. Tatizo ni kwamba wengi waliopasuliwa nchi nyingine hawakuambiwa kilichobaki. Daktari anaweza kuangalia mara moja akajua.

Nimechanjwa.

Bado pima. Chanjo haigusi aina zote, wala haiondoi maambukizi yaliyokuwepo.

Natokwa damu baada ya tendo.

Acha kisanduku, nenda kwa daktari. Vivyo hivyo kwa damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali, au maumivu ya nyonga yasiyoisha. Mara nyingi sababu huwa nyingine, kama maambukizi ya kawaida, lakini dalili hizi zinahitaji macho ya mtu. Hata kama ulijipima mwezi uliopita na virusi havikuonekana.

Nina miaka 68, sijawahi kupimwa maisha yangu yote. Wananiambia nimepita umri.

Ukomo wa miaka 65 au karibu na hapo uliwekwa kwa wanaodhaniwa wamepimwa miaka yote. Wewe si mmoja wao. Mwambie daktari waziwazi: "Sijawahi kupimwa." Miongozo mingi ina nafasi kwa mtu kama wewe, ila haitokei yenyewe kwenye kompyuta, lazima mtu aiombe.

Nilituma sampuli, kisha nikahama nyumba kabla majibu hayajafika.

Piga simu leo, si ukishatulia. Namba iko kwenye karatasi ya maelekezo, na kama uliitupa, kliniki iliyokupa kisanduku inayo. Wape jina kama ulivyoliandika kwenye kichupa, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya zamani na mpya. Kama umehamia jimbo au nchi nyingine, omba nakala ya majibu kwa maandishi, maana kliniki mpya huenda isiweze kuyaona kwenye mfumo wake. Wakikuambia "tutakupigia", uliza lini, uandike jina la uliyeongea naye nyuma ya ile karatasi.